Alisema au Ilisema?

“Kikafungua macho, au akafungua macho?”

Shangazi aliniuliza hivyo akiwa amelala chali, jicho la kulia limezibwa kwa kifuniko cha plastiki kilichobandikwa plasta, la kushoto likingoja zamu yake. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Daktari alimwambia asiiname, asinyanyue kitu kizito, asithubutu kulisugua jicho. Kusoma hakukuhitaji kukatazwa. Jicho la kushoto nalo lilikuwa limeingia ukungu kiasi kwamba mistari ya kitabu aliiona kama uzi mweusi uliochanganyikana, na huyu ni mtu aliyezoea kumaliza riwaya nzima kwa siku mbili. Siku ya pili ya kulala akachoka. “Wewe si ndiye mwenye vitabu vya maroboti?” akasema. “Haya, nisimulie.”

Nikaanza na Frankenstein, kitabu ambacho Mary Shelley alikianza mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, kikatoka 1818. Nilikwisha kukisoma mara tatu, kwa hiyo nilijiona fundi. Nikamfikisha Shangazi kwenye ule usiku wa Novemba: mvua inapiga madirisha, mshumaa umebaki kishina, na kile kiumbe kikafungua jicho la manjano, kikavuta pumzi. Hapo ndipo aliponikata.

“Kiumbe ni ngeli ya KI-VI,” nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

“Kipofu je? Si KI-VI pia? Mimi sasa hivi ni kipofu. Kipofu amelala au kimelala?”

Sikuwa na jibu.

“Sijakuuliza sarufi, mwanangu. Nataka kujua nimwonee huruma au nimwogope.”

Nikarudi nyuma, nikaanza upya tangu pale kwenye mshumaa, safari hii kwa a-. Hadithi ikageuka mikononi mwangu. Kuna mahali Victor, aliyemuumba, anakimbilia kitandani kujificha, na yule aliyeumbwa anakuja, anafunua pazia la kitanda, ananyoosha mkono mmoja. Nilipokuwa nikisema “kikanyoosha mkono”, mkono ule ulikuwa tishio. Niliposema “akanyoosha mkono”, ukawa mkono wa mtoto anayetaka kubebwa. Shangazi akaguna. “Sasa baba yake anakimbilia wapi?”

Mara tatu nimekisoma kitabu hicho, na sikuwahi hata siku moja kumwita Victor baba.

Nikisema ukweli, hadi wakati ule nilikuwa msomaji wa kuchosha. Riwaya za kisayansi na hizi za distopia, zile za serikali inayochungulia hadi chini ya mto wa kitanda, nilizisoma kama watu wanavyosoma utabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili. Juu ya safu ya kwanza niliandika “Yametimia”, juu ya ya pili “Bado”. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, iliyotoka 1953, mke wa zimamoto Montag analala na vidude vidogo vya redio masikioni, na sebule yake ina kuta tatu za televisheni, anadai ya nne. Yametimia. Katika Brave New World ya Aldous Huxley, ya 1932, watu wanameza soma, kidonge cha kuondoa kila huzuni. Nilikiweka “Bado”, baadaye nikakifuta, nikakihamisha, nikakirudisha tena. Daftari lilijaa mishale.

Kilele cha ujinga huo kilikuwa tarehe 20 Julai 2024. Parable of the Sower ya Octavia Butler ilichapishwa 1993, na shajara ya msimulizi wake, msichana anayeitwa Lauren, inaanza tarehe hiyohiyo, siku anapotimiza miaka kumi na mitano. Nikaamka asubuhi, kitabu kando, kalamu mkononi, tayari kusahihisha kama mwalimu. Hata siku ya wiki ililingana: Jumamosi. Ilinichukua dakika nzima kukumbuka kwamba kalenda haihitaji nabii. Siku ikapita. Nikatia alama mahali fulani, mahali pengine nikaacha wazi, nikaenda kulala nimeridhika.

Nilichokikosa siku hiyo ni mfuko. Lauren anajiandalia mfuko wa kukimbilia, ikiwa ukuta wa mtaa wao utavunjwa: visufuria, kiberiti, nguo ya kubadilisha, sabuni. Anamweleza rafiki yake waanze kusoma vitabu vya mimea na vya huduma ya kwanza wangali na muda, na rafiki anaogopa, anakwenda kumwambia mama yake, na Lauren anakaripiwa kwa kutisha watu. Ukurasa ule niliupita mbio kwa sababu haukuwa na kitu cha kutia alama. Hakuna mashine ndani yake. Kuna msichana anayeona na wenzake wasiotaka kuona, basi.

Na ukichunguza, waandishi hawa wenyewe hawakudai unabii. H. G. Wells, kabla hajawashusha watu wa Mars duniani katika The War of the Worlds ya 1898, anamwambia msomaji wake wa Kiingereza, palepale katika sura ya kwanza, akumbuke jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi kutoka Ulaya. Alikuwa anatazama nyuma. Margaret Atwood alipoandika The Handmaid’s Tale, iliyotoka 1985, alijiwekea sharti asitie jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Kwa hiyo daftari langu lilihitaji safu ya tatu, “Yalikwisha kutokea”, na safu hiyo ingezimeza zile mbili. Sikuichora. Daftari sasa lina orodha za nguo za kufua.

Turudi kwa Shangazi na jicho lake.

Katikati ya Frankenstein kuna sura kadhaa ambazo yule aliyeumbwa anasimulia mwenyewe: jinsi alivyojificha kwenye kibanda kilichobanana na nyumba ya familia moja maskini, akawachungulia kupitia ufa, akajifunza maneno kwa kuwasikiliza, mwishowe akajifunza kusoma. Nilipofika hapo niliona kitu ambacho ni mwalimu wa sarufi tu angekiona cha kufurahisha, lakini mimi kilinisimamisha nywele. Nafsi ya kwanza haina ngeli. Mtu akishasema “nilisikia baridi, nikaona moto, nikaufurahia, nikautia mkono nikaungua”, basi ki- na a- zote zimebaki nje ya mlango. Huwezi kumfanya kitu mtu anayesema ni-. Kiingereza nacho kina neno lake dogo la kumshusha mtu awe kitu, lakini unaweza kulipita bila kulitambua. Kiswahili hakikuachi upite. Kila kitenzi kinadai jibu, kila kivumishi, kila “wake” na “chake”.

Nilimweleza Shangazi ugunduzi wangu kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza hadi mwisho. “Siafu anauma au inauma?” akauliza.

“Anauma.”

“Na ukimwona unamfanya nini?”

“Namkanyaga.”

“Haya. Endelea na hadithi.”

Ndivyo alivyo. Lakini sikukata tamaa, nikamletea roboti. Neno hilo lilianzia kwenye tamthilia, R.U.R. ya Karel Čapek, Mcheki, aliyeiandika 1920, ikapandishwa jukwaani Prague mwaka uliofuata. Neno lenyewe alipewa na kaka yake Josef, mchoraji, kutokana na “robota”, yaani kazi ya shuruti waliyofanyishwa wakulima na mabwana wa ardhi. Na roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walitengenezwa kwa kitu kama nyama, wakafanana na watu, wakauzwa kwa shehena. Bila kufikiri nilikuwa nimeanza kwa i-, kama mtu anavyosema juu ya kompyuta: roboti ilisema, roboti zikakataa. Katikati ya hadithi, pale wanapoasi, ulimi wangu ukahama wenyewe. Roboti wakazingira nyumba. Wakakata umeme. Sikupanga. Nadhani ni vigumu kusema kwamba kitu kimeasi. Kitu huharibika tu.

“Kumbe ni watumwa,” alisema Shangazi.

“Ndiyo maana ya neno lenyewe.”

“Na mtumwa ana a-. Mtumwa alisema, mtumwa alikimbia, mtumwa aliuzwa. Hiyo a- yako ilimsaidia nini?”

Hapo nikakiri nimeshindwa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba lugha yetu imepata dawa ambayo wengine hawana, na dakika mbili za mwanamke aliyefumba jicho zilitosha kuninyang’anya.

Kitabu kilichofuata kilichukua siku nyingi kuliko vyote, na karibu kivunje mazungumzo yetu. Ni riwaya ya Yevgeny Zamyatin, Mrusi, injinia wa meli aliyepata kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu Uingereza. Aliiandika 1920 na 1921. Ilitoka kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1924, na nchini kwake haikuchapishwa hadi 1988, miaka 51 baada ya yeye kufa. Jina lake kwa Kiswahili ni neno moja: Sisi. Watu wanaishi katika nyumba za kioo. Wanaamka dakika moja, wanatoka dakika moja, wanatafuna kila tonge mara hamsini kwa amri. Hapo Shangazi alicheka hadi nikaogopea jicho. Hawana majina. Msimulizi ni D-503, mwanamke anayemvuruga akili ni I-330. Na wao kwa wao hawaitani watu, wanaitana namba.

Kwa hiyo mimi, mtaalamu mpya wa ngeli, nikaamua kuisimulia kwa I-ZI. Namba iliamka. Namba zikatembea nne nne barabarani. Namba moja ikageuka ikaitazama nyingine. Nilijiona msanii. Nilipanga kwamba D-503 atakapoanza kupenda, atakapopatwa na kile ambacho daktari wake anakiita ugonjwa, yaani kuota nafsi ndani yake, hapo ndipo nitaibadili i- kuwa a-, na Shangazi atausikia mlango ukifunguka.

Hatukufika huko. Niliposema “namba ikachelewa”, akanyanyua mkono.

“Acha hiyo.”

“Shangazi, ndivyo ilivyo kwenye kitabu, ni makusudi…”

“Nimesema acha.”

Nikadhani jicho linauma. Nikamletea maji, akanywa, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilianza kukusanya vyombo niondoke. Ndipo akaniambia habari ambayo, katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuisikia. Nilijua alishona kwa miaka kumi na moja katika kiwanda cha sare kabla hajanunua cherehani yake mwenyewe. Sikujua kwamba humo ndani hawakuitwa majina. Cherehani zilipangwa kwa mistari, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe iliyopakwa mguuni, na msimamizi alikuwa akiita cherehani. Kumi na Nne imechelewa. Kumi na Nne imeharibu kola. Kumi na Nne iko wapi, imekwenda chooni tena?

Kumi na Nne alikuwa yeye.

“Hakuwa mtu mbaya,” alisema. “Alikuwa na watu wengi wa kukumbuka, na namba ilikuwa rahisi. Hata tulipofiwa alikuja msibani.” Akanyamaza kidogo. “Ubaya ulikuwa kwetu. Baada ya mwaka tukaanza kuitana wenyewe. Saba imejifungua. Ishirini na Moja ina homa. Tunacheka. Rafiki yangu wa karibu, yule wa Saba, siku alipoacha kazi nilitaka kumtafuta. Nikagundua jina lake la ukoo silijui.”

Mpaka leo nikiifungua riwaya ile nakutana na Saba, ambaye Zamyatin hakumwandika. Niliimalizia kwa a- tangu neno la kwanza, msanii wa ngeli akiwa amepewa likizo. Lakini mwisho wake ulinishinda. D-503 anafanyiwa upasuaji wa kuondolewa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo, kisha anakaa ametulia, akimtazama I-330 akiteswa chini ya kengele ya kioo inayonyonywa hewa, na anaandika mambo hayo kana kwamba anaandika bei ya misumari. Bado anasema ni-. Nafsi ya kwanza ipo palepale, vitenzi vyote viko sawasawa, na ndani hamna mtu. Kwa hiyo na ile nadharia yangu nyingine, ya ni- kuwa ngome, ikaanguka. Sikumwambia Shangazi. Nafikiri aliisikia mwenyewe.

George Orwell naye, Shangazi alimkataa. Tulifika theluthi ya riwaya yake ya 1949, ile yenye mwaka 1984 kama jina, akasema huyu Winston anatafutiwa mateso tu, na yeye hana nguvu ya kusubiri. Alipenda kitu kimoja: kile kibonge cha kioo chenye kipande cha marijani ndani, ambacho Winston anakinunua kwa sababu tu hakina kazi. Nikamruhusu aruke hadi mwisho kabisa, kwenye kiambatisho kuhusu Newspeak, lugha ya chama, ambacho wasomaji wengi hukiacha kama watu wanavyoacha masharti ya matumizi. Mimi pia nilikiacha mara ya kwanza. Klabu moja kubwa ya vitabu Marekani ilitaka kiondolewe, Orwell akakataa japo alijua anaweza kupoteza fedha nyingi. Nikamsomea mwanzo wake kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo: lugha hiyo ilikuwa lugha rasmi, ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya, ilitarajiwa kwamba…

“Ilikuwa?” akauliza.

“Ilikuwa.”

“Basi haipo tena. Aliyeandika hapo yuko baada yao.”

Wahakiki wameandika kurasa nyingi juu ya wakati uliopita wa kiambatisho kile, na kuna wanaobisha. Shangazi alikiona kwa -li- moja, kisha akaomba chai.

Kitabu ambacho Kiswahili kilikitendea haki kuliko nilivyotarajia ni The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, ya 1969. Kwenye sayari yake ya baridi, watu si wanaume wala wanawake. Kwa siku chache kila mwezi mwili unachukua upande mmoja, leo huu, mwezi ujao pengine ule, na mtu mmoja anaweza kuwa baba wa hawa na mama wa wale. Le Guin aliandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilimbidi achague. Akawaita wote kwa neno la kiume. Alilaumiwa kwa hilo miaka mingi, kwanza akajitetea, baadaye akakubali kwamba wakosoaji walikuwa na hoja.

Kwa Kiswahili sikuwa na la kuchagua. Yeye ni yeye. Estraven, waziri anayefukuzwa nchini kwake kwa kumsaidia mgeni kutoka sayari nyingine, alikwenda, akarudi, akavuta sleji juu ya barafu wiki baada ya wiki, yeye na mgeni wake, wakilala hema moja, wakigawana chakula kwa kipimo. Nikasimulia karibu saa nzima kabla sijaeleza lolote kuhusu miili yao, kwa kuwa habari haikudai. Nilipoeleza, Shangazi alishangaa kwa sababu ambayo sikuitarajia.

“Kwani Estraven si mwanamke?”

Mimi kwa miaka yote nilimwona mwanamume, mwenye mabega. Yeye alikuwa amemwona mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye deni kwa watu wasiomwamini. Tulibishana kidogo kisha tukaona ubishi wenyewe hauna mshindi, maana kitabu kinasema sote tumekosea. Ni mara chache nimefurahi hivyo kukosea.

Nilijaribu pia The Handmaid’s Tale, nikakwama kwenye jina. Msimulizi anaitwa Offred, maana yake yeye ni wa Fred, mkuu ambaye mwanamke huyo amekabidhiwa kwake. Ukitafsiri inabidi useme “Wa-Fred”, na ile wa- inamrudishia utu ambao dola imemnyang’anya. Ungetaka ukatili kamili ungesema “Cha-Fred”. Nikayasema yote mawili kwa sauti, nikasikia vibaya, nikaacha. Labda mtafsiri hodari kuliko mimi atapata njia.

Jicho la pili lilipofanyiwa kazi, tulisoma Never Let Me Go ya Kazuo Ishiguro, ya 2005. Hii nilimsimulia polepole kuliko zote, kwa kuwa siri yake inafichuliwa kidogo kidogo: watoto wa shule ile nzuri ya bweni wametengenezwa kwa kunakiliwa kutoka kwa watu wengine, nao watakapokua watatolewa viungo kimoja baada ya kingine hadi wafe. Walimu wao walikuwa wakikusanya michoro yao bora. Wanafunzi walidhani michoro itawapatia heri fulani. Ukweli wanaupata wakiwa watu wazima: ilikusanywa ili kuwathibitishia watu wa nje kwamba watoto hawa wana roho.

Nilimsubiri Shangazi akasirikie hapo. Hakukasirikia hapo. Alichokiuliza ni kile kinachoulizwa na karibu kila aliyesoma: mbona hawakimbii? Hakuna uzio, hakuna mbwa, wanaendesha magari wenyewe. Nikaanza kumpa majibu niliyoyaokota kwenye makala za wahakiki, kwamba ni sitiari ya sisi sote na kifo chetu, na kadhalika. Akanitazama kwa jicho moja jipya, safi, ambalo nilikuwa bado sijalizoea.

“Miaka kumi na moja,” alisema. “Geti lilikuwa wazi.”

Hakuongeza neno, nami nikafunga kitabu kwa siku ile.

Aliporuhusiwa kusoma mwenyewe aliniuliza kama hakuna aliyewahi kuandika mambo haya kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya mimi kumtafunia kama ndege anavyotafunia kinda. Nikamletea Shamba la Wanyama, yaani Animal Farm ya Orwell katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, ambayo haikumhitaji mtu kufikiria ngeli hata kidogo: nguruwe anaamuru, farasi anafanya kazi hadi anaanguka, wote ni a- tangu zamani za babu. Na nikamletea Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, naye badala ya kufa anafika kwenye ulimwengu mwingine ambako mambo yamepangwa kwa usawa. Kwa ladha yangu, kuna kurasa ambazo mwandishi anahutubu mno, mtu unatamani amwache Dzombo atembee tu aone. Shangazi hakuona hivyo. Alikuwa amekwama kwenye jalada.

“Wale-ni-sisi,” alisoma, akikata kwa kidole. Akarudia. Kisha akataka kujua kama yule Mrusi wa namba na huyu waliwahi kusomana, maana mmoja ameandika Sisi na mwingine ameandika Wale ni Sisi. Nikamwambia sioni kama inahitajika. Akasema hakuuliza kama inahitajika.

Siku hizi anaona mbali bila miwani, anashona bila kuombwa, na kwenye simu yake mpwa mmoja amemwekea programu ya kuzungumza nayo, unaiuliza jambo inakujibu kwa sauti. Nilikuwa na hamu ya kumsikia ataitaja vipi. Mimi mwenyewe nimejikamata mara mbili tatu nikisema “ameniambia”, halafu nikajirekebisha haraka, “imeniambia”, kama mtu aliyemwamkia mlingoti gizani. Programu hizi zinasema ni- bila wasiwasi: nimeelewa, samahani, nafurahi kukusaidia. Kila nikisikia hivyo namkumbuka D-503 na utulivu wake, na kwa upande wa pili namkumbuka yule wa Shelley kwenye kibanda, akijifunza maneno kupitia ufa. Sijui nikae upande gani, na nimeacha kuharakisha.

Juzi nilimkuta amevaa miwani ya kusomea puani, kitambaa cha bluu mapajani, simu juu ya meza ya cherehani. Nikamuuliza alijuaje urefu wa kuacha kwenye pindo la pazia zito namna ile.

“Nimekauliza,” alisema, akielekeza kidevu kwenye simu. “Kamesema sentimita kumi. Kamekosea, lakini kana adabu.”

Akauma uzi, akaendelea kushona.